Ngozi Ikigombana na Jua, Tazama Saa Kwanza

Mtu akitokwa na vipele baada ya kukaa juani, swali lake la kwanza huwa: nipake nini? Swali zuri, ila limekuja mapema. "Aleji ya jua" ni jina moja lililobebeshwa magonjwa mengi, na baadhi yake si aleji hata kidogo. Kuna linalotokea ndani ya dakika tano na linalosubiri siku mbili. Kuna linalotokana na kidonge ulichomeza asubuhi, na kuna linalotokana na ndimu uliyokamua juzi. Losheni inayomwokoa mmoja inaweza isimfae mwenzake hata akijimiminia chupa nzima. Mimi mwenyewe nililaumu sabuni kwa miaka miwili, nikabadilisha kila aina niliyoiona, kabla sijajiuliza mambo mawili rahisi: vipele hutoka baada ya muda gani, na huishia wapi mwilini.

Tutafika huko. Lakini kama unasoma haya huku ngozi inakuwasha, anza hapa.

Kama inakuwasha sasa hivi

Ingia ndani, ukae mbali na dirisha. Loweka kitambaa safi kwenye maji ya baridi, kikamue, kiweke juu ya ngozi dakika 10 hadi 15, kisha rudia kila inapohitajika. Barafu usiigusishe kwenye ngozi. Inaumiza ngozi ambayo tayari imeumia. Ikitulia, paka losheni laini isiyo na manukato.

Mwasho ukizidi, kidonge cha mzio kisicholetea usingizi sana, kama setirizini au loratadini, husaidia watu wengi. Krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1, ikipakwa nyembamba kwa siku chache, hupunguza uvimbe mahali pasipochubuka. Usoni usiipake bila kumuuliza mfamasia au daktari. Malengelenge yaache yalivyo, ile ngozi ya juu ndiyo bandeji yenyewe. Krimu za ganzi na krimu za mzio za kupaka ziepuke, kwa sababu zenyewe zinaweza kuzusha mzio mpya. Na ndimu, tafadhali, isikaribie kabisa. Sababu utaiona mbele.

Dalili ambazo hazingoji kesho: midomo au ulimi kuvimba, kupumua kwa shida, kizunguzungu au kuzimia muda mfupi baada ya kupigwa na jua. Hapo ni kwenda hospitali mara moja. Vivyo hivyo malengelenge yaliyoenea sehemu kubwa ya mwili, homa na kutapika, au macho yanayouma na kushindwa kuvumilia mwanga.

Hatua ya kwanza: tazama saa

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na haina gharama. Hesabu muda tangu ulipoingia juani hadi dalili ya kwanza, halafu hesabu dalili zimekaa muda gani.

Ikiwa ni dakika chache, na kinachotoka ni mabaka yaliyovimba yanayowasha kama umeguswa na upupu, kisha yanapotea ndani ya saa chache na kwa kawaida kabla ya siku kuisha, hiyo inaelekea kuwa urtikaria ya jua. Si ya kawaida sana, lakini ndiyo inayoweza kumwangusha mtu akianika sehemu kubwa ya mwili kwa mara moja. Wengine huamshwa na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, si miale ya urujuanimno (UV) isiyoonekana peke yake, ndiyo maana hata wakikaa nyuma ya kioo hawapati nafuu.

Ikiwa ni dakika chache lakini unachopata ni maumivu makali ya kuchoma, na ngozi ukiitazama huoni kitu cha maana, fikiria pofiria, ugonjwa wa kurundikana mwilini kwa kemikali ziitwazo pofirini, ile aina yake inayoanza utotoni. Mtoto hulia akiwa nje, hukimbilia maji ya baridi, usiku halali. Kwa kuwa hakuna vipele, huambiwa anadeka au anakwepa kazi, na wapo waliofika utu uzima ndipo wakaaminiwa. Mzazi akisikia mtoto anasema jua "linachoma ndani", na akalisema tena na tena, asimbishie. Kuna kipimo cha damu cha ugonjwa huu, na sampuli yake hukingwa na mwanga hadi maabara.

Ikiwa ni saa kadhaa hadi siku moja au mbili, na vinavyotoka ni vipele vidogo vinavyowasha kifuani penye uwazi wa ukosi, mikononi na miguuni, basi unalitazama lile linalotokea kuliko yote. Kitaalamu huitwa mlipuko wa ngozi wa sura nyingi utokanao na mwanga. Huwapata zaidi wanawake vijana, na hutokea pale ngozi iliyokaa muda mrefu bila jua inapoanikwa ghafla, kama mwanzo wa msimu wa jua au siku ya kwanza ya likizo. Uso na mgongo wa kiganja mara nyingi husalimika, maana vimezoea jua mwaka mzima. Mtu akijiepusha na jua, vipele huondoka kwa siku chache hadi wiki mbili hivi, bila kuacha kovu.

Ikiwa vinachelewa zaidi, siku kadhaa hadi wiki, na vikishatoka vinakaa wiki nyingi, usikae navyo nyumbani. Lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, hufanya hivyo. Alama yake mashuhuri ni wekundu unaotanda mashavuni na juu ya pua kama kipepeo, ukiiacha mikunjo ya kando ya pua. Ukiongezea maumivu ya viungo, uchovu usioelezeka, vidonda vya mdomoni au nywele kukatika, mwambie daktari yote kwa pamoja. Wagonjwa wengi hupeleka vipele kwa mtu mmoja na viungo kwa mwingine, na hakuna anayeiona picha nzima.

Kubabuka kwa kawaida nako kuna saa yake: huanza saa chache baada ya jua na kuwa kubaya zaidi ndani ya siku ya kwanza. Hilo linaweza kumpata yeyote. Lakini kama umebabuka kwa jua la dakika 20 ambalo zamani halikukufanya kitu, kuna jambo limebadilika, na mshukiwa wa kwanza ni dawa.

Neno kuhusu rangi. Vitabu vingi vinasema "wekundu" kana kwamba ngozi zote zinawiva. Kwenye ngozi nyeusi, wekundu huo huonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliokolea, na pengine hauonekani kabisa. Tumia mkono: pitisha vidole uone kama pana joto, vinundu au mkwaruzo kuliko ngozi ya jirani.

Hatua ya pili: tazama mpaka

Jua lina mahali lisipofika. Simama mbele ya kioo uchunguze chini ya kidevu, nyuma ya masikio, mkunjo wa juu wa kope, chini ya mkanda wa saa, na chini ya kamba za nguo. Hapo pakiwa safi na pembeni pamechafuka, mwanga ndio mshukiwa. Kope na chini ya kidevu pakiwa pamevimba sawa na kwingine, huenda ni kitu kinachopeperuka hewani au ulichojipaka, na jua limesingiziwa.

Mpaka husema na mengine. Mkono mmoja tu, ule wa upande wa dirisha la gari: kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya aina moja ya miale ya urujuanimno, UVB, lakini aina nyingine, UVA, hupita. Michirizi, matone au alama ya vidole: umajimaji wa mmea. Baka la mstatili gotini: jeli ya maumivu uliyopaka wiki iliyopita.

Piga picha siku hiyohiyo, kwenye mwanga mzuri, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya mwili. Siku ya miadi ikifika ngozi huwa imetulia, tena inang'aa, na daktari hana cha kukitazama zaidi ya maneno yako.

Hatua ya tatu: kagua dawa, mimea na vipodozi

Toa kila kitu unachomeza na unachopaka, ukiweke mezani. Dawa zinazojulikana kwa kuifanya ngozi ishindwe na jua ni nyingi: doksisaiklini na ndugu zake wa kundi la tetrasaiklini, siprofloksasini, kotrimoksazoli, griseofulvini ya fangasi, haidroklorothiazaidi na furosemaidi za shinikizo la damu na kupunguza maji mwilini, amiodaroni ya moyo, klopromazini, naproksini ya maumivu, isotretinoini ya chunusi. Jeli ya ketoprofeni nayo imo, na yenyewe ina kiburi cha peke yake: mahali ulipoipaka panapaswa kukingwa na jua wakati wa matumizi na kwa wiki mbili baada ya kuacha.

Ukikuta dawa yako humu, usiiache kwa uamuzi wako. Dawa ya shinikizo la damu au ya moyo ikikatishwa ghafla, madhara yake yanaweza kuzidi ya vipele mara nyingi. Mpigie aliyekuandikia, umweleze, mara nyingi kuna mbadala. Wakati huohuo jifunike kama mtu mwenye ugonjwa wa jua, kwa sababu kwa sasa ndivyo ulivyo.

Mimea ndiyo inayowashangaza watu zaidi. Ndimu, limau la bergamoti, figili-majani aina ya seleri, utomvu wa mtini na jamaa zao vina kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikikaa kwenye ngozi na UVA ikazipiga, ngozi huungua. Si mzio, inaweza kumpata yeyote aliyekamua ndimu nje kisha akabaki juani bila kunawa. Kwa kawaida maumivu na malengelenge hujitokeza baada ya siku moja hadi mbili, na mtu ameshasahau ile ndimu. Yakipona huacha weusi unaoweza kudumu miezi. Watoto wameonekana na alama za vidole mgongoni, watu wakadhani wamepigwa, kumbe aliyewabeba alikuwa na majimaji ya ndimu mikononi. Dawa yake ni sabuni na maji kabla ya kutoka nje, basi. Sasa unajua kwa nini niliikataza kwenye ngozi iliyobabuka.

Losheni ya kukinga jua yenyewe pia inaweza kuwa mkosaji. Vichujio kama oksibenzoni na oktokrileni huwaletea baadhi ya watu mzio unaozuka pale tu jua linapoigusa ngozi iliyopakwa. Kama unapaka kwa bidii na kila siku hali inazidi, badili uende kwenye yenye zinki oksaidi au titani dioksaidi pekee, kisha omba kupimwa.

Na kuna upungufu ambao hutazamwa kama ugonjwa wa zamani, lakini bado upo: pelagra, inayotokana na kukosa niasini, yaani vitamini B3. Mhispania Gaspar Casal aliieleza mwaka 1735, na ule mkufu wa ngozi nyeusi, kavu, unaozunguka shingo bado unaitwa kwa jina lake. Huwapata wenye mlo wa mahindi matupu, wanywaji wa pombe kupindukia, na wakati mwingine wanaotumia isoniazidi ya kifua kikuu. Shingo, mikono na miguu ikibabuka pande zote mbili kwa usawa, pamoja na kuhara au kuchanganyikiwa, losheni haina kazi hapo. Mgonjwa anahitaji matibabu ya vitamini.

Hatua ya nne: mpelekee daktari ushahidi, si malalamiko

Nenda na picha, orodha ya dawa zote hata za mitishamba, na karatasi yenye safu nne: tarehe, muda ulioukaa juani, dalili zilianza baada ya muda gani, zilikwisha lini. Mistari mitano ya namna hiyo humfaa daktari kuliko nusu saa ya kusimulia. Akiona inafaa, ataagiza damu kutafuta kingamwili za lupasi au pofirini. Kliniki zenye vifaa hupima kwa kuangaza taa maalumu sehemu ndogo ya mgongo, au kubandika vichujio na manukato kisha kuviangaza ili kuona ni kipi kinachoamsha mzio.

Mtoto mdogo anayebabuka vibaya kwa jua kidogo, au anayetoka madoadoa usoni kabla ya kufika miaka miwili, apelekwe bila kuchelewa. Kuna ugonjwa adimu wa kurithi, seli zake haziwezi kurekebisha uharibifu wa miale, na kila mwezi wa kumkinga una maana. Watu wenye ualbino nao hawana aleji. Wanakosa melanini ya kutosha, na hatari yao kubwa ni saratani ya ngozi, kwa hiyo hatua mbili zinazofuata ni zao tangu utotoni, iwe kuna vipele au hakuna.

Hatua ya tano: nguo na kivuli kabla ya chupa

Nguo haihitaji kupakwa upya kila baada ya saa mbili. Inyanyue dhidi ya taa: ukiuona mwanga ukipenya kwenye nyuzi, na jua litapenya. Rangi iliyokolea na mfumo ulioshikana hukinga zaidi. Fulana nyeupe nyembamba ya pamba iliyolowa au iliyovutika hukinga kidogo sana. Iwe pana ili uvumilie joto. Nguo zilizoandikwa UPF 50 hupitisha sehemu moja tu ya 50 ya miale ya urujuanimno.

Kofia iwe pama yenye ukingo wa sentimita 7 na nusu kuzunguka pande zote. Kapelo huacha masikio na kisogo. Glovu nyembamba kwa dereva, miwani inayofunika pembeni, na utando wa kuchuja UVA kwenye vioo vya gari pale sheria inaporuhusu. Utachekwa kwa mwavuli siku isiyo na mvua. Wacheke.

Kivuli nacho kina udanganyifu. Chini ya mwavuli mmoja uwanjani, miale bado inakujia kutoka angani pande zote na kutoka chini. Mchanga mkavu hurudisha karibu asilimia 15, theluji mpya hadi 80. Ukipanda mlima, kila mita 1,000 huongeza takriban asilimia 10. Mawingu mepesi hayazuii mengi. Ndiyo maana kipimo cha kuaminika si joto bali kielezo cha UV kwenye programu ya hali ya hewa: kikifika 3, jikinge, kikifika 8, panga shughuli zako upya. Huna simu? Tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali.

Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni ndipo UVB huwa nyingi. UVA haina mabonde na vilima vikubwa hivyo, kwa hiyo anayeamshwa na UVA asijiamini kupita kiasi kwa kuwa ametoka saa mbili asubuhi.

Hatua ya sita: sasa losheni

Namba ya SPF hupima zaidi kinga dhidi ya kubabuka, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya UVB. Lakini ule mlipuko wa sura nyingi, na dawa nyingi tulizozitaja, huamshwa hasa na UVA. Hapo ndipo lilipo jibu la yule anayesema "nilipaka 50 na bado nikatokwa". Tafuta chupa yenye SPF 50 na pia alama ya UVA ndani ya duara, au herufi PA zikifuatwa na alama nyingi za kujumlisha. Kwa wanaoamshwa na mwanga unaoonekana, losheni isiyo na rangi haitoshi. Wanahitaji yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksaidi za chuma.

Kiasi ndicho kinachowaangusha wengi. Kipimo cha maabara ni miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba, na watu hupaka nusu yake au pungufu. Kwa vijiko vya chai: kimoja kwa uso na shingo, kimoja kila mkono, viwili kila mguu. Utaona ni nyingi, ndivyo inavyopasa. Paka dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, rudia kila saa mbili na kila ukitoka majini au ukijifuta jasho. Mtoto wa chini ya miezi sita, kivuli na nguo kwanza.

Hatua ya saba: kuizoesha ngozi, kwa wanaoruhusiwa tu

Mwenye mlipuko wa sura nyingi aliyethibitishwa na daktari anaweza kuizoesha ngozi kwa kuianika dakika chache mwanzoni mwa msimu, akiongeza polepole kwa wiki kadhaa. Wengine hufanyiwa hospitalini kwa taa za UVB za mawimbi ya takriban nanomita 311, kwa kawaida mara tatu kwa wiki kwa wiki tano hivi kabla jua halijakolea. Kinga hiyo hufifia mtu akikaa bila jua, na mwaka unaofuata huanza upya. Mwenye lupasi au pofiria asijaribu hili kwa ushauri wa jirani. Lupasi ina dawa zake, mojawapo haidroksiklorokwini, na anayeitumia hupimwa macho mara kwa mara.

Anayelikwepa jua kwa bidii hii hupungukiwa vitamini D bila kuhisi chochote. Miongozo ya Marekani huwapangia watu wazima hadi miaka 70 vizio 600 vya kimataifa (IU) vya vitamini hiyo kwa siku, lakini wewe omba damu ipimwe kwanza, na umwambie daktari wazi kwamba unaishi kivulini. Kwa kukutazama tu hawezi kujua.